Tupigeni picha, lakini mtuambie kikomo: barua ya wazi kutoka Mutukula

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Kampala;
kwa Afande Mkurugenzi wa Trafiki na Usalama Barabarani, Polisi ya Uganda;
na kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Waheshimiwa,

Naishi Mutukula, upande wa Uganda. Gari langu limesajiliwa Tanzania, wakwe zangu ni wa Kyotera, na bidhaa zangu nazifuata Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala. Kwa hiyo kila mnapobadilisha jambo kwenye barabara ya Masaka linanigusa kwa njia mbili: kama dereva mwenye namba ya nje, na kama mzazi ambaye watoto wake wanavuka barabara hiyo hiyo asubuhi kwenda shule.

Sipingi kamera za mwendo. Naliweka hili mbele kwa sababu barua nyingi za madereva huanza na uchungu wa faini na kuishia humo humo. Ninachokitaka ni kamera zimkamate kila anayezidisha mwendo, hata mgeni. Na kamera haiwezi kumkamata mgeni kwa maana yoyote ya kweli mpaka mambo mawili yawe yametimia: awe ameonyeshwa kikomo kabla ya kupigwa picha, na awe ameambiwa deni lake kabla hajavuka mpaka kurudi kwao. Kwa hali ilivyo, mgeni anaweza kupita Uganda nzima bila lolote kati ya hayo kumfikia.

Idadi ya waliokufa mnaijua kuliko mimi, maana ni yenu. Ripoti ya Polisi ya mwaka 2024 ilihesabu ajali 25,107 na watu 5,144 waliopoteza maisha. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 4,806. Ukigawa kwa siku, ni watu 14 kila siku ya mwaka 2024, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Oktoba 2025, barabara ya Kampala kwenda Gulu, usiku, mabasi mawili yaliyokuwa kwenye kuyapita magari mengine yalikutana uso kwa uso huko Kiryandongo, na zaidi ya watu 40 wakafa. Dereva yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya lori kwenye barabara ya njia mbili anajua ile hesabu ya haraka unayoipiga kichwani kabla ya kutoka kumpita. Mwendo ndio unaoiharibu hesabu ile. Gari likiwa kwenye 100 linakula mita 28 kwa sekunde moja. Wawili wakijiana uso kwa uso kwa mwendo huo, mita 56 zinapotea kati yao kwa kila sekunde, na umbali uliouona kama mkubwa unakwisha ukiwa bado unatafuta gia.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba kila asilimia moja inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia nne. Kwa hiyo anayesema kamera ni njama tu ya kukusanya pesa namwomba aje Kalisizo au Lukaya siku ya soko, asimame pembeni nusu saa, aone magari yanavyoingia penye watu.

Tena kuna jambo ambalo madereva tunalisema tukiwa wenyewe na hatulisemi hadharani: wengi wetu tunaipenda kamera kuliko mtu. Kamera haiombi chai. Haina shemeji, haina haraka ya kwenda nyumbani, na haiangalii namba ya gari ikaona ya nje ikatabasamu. Nimevuka mipaka mingi ya ukanda huu na sijaona nchi ambayo mazungumzo ya kando ya barabara hayana bei. Kwa hilo peke yake mashine ingestahili kukaribishwa.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Juni 2025 mlianzisha mfumo wa faini za kamera zinazojituma, EPS Auto. Kelele zilizofuata kila mtu anazikumbuka. Kuzidisha kikomo kwa kilomita zisizozidi 30 kwa saa, shilingi 200,000; kuzidi hapo, 600,000; na muda wa kulipa ukawa saa 72. Kabla mwezi haujakwisha, Waziri, Jenerali Katumba Wamala, akausimamisha ili ukaangaliwe upya. Waganda walilalamika kuhusu viwango vya faini, kuhusu muda, na kuhusu sehemu za mjini ambako kikomo kilikuwa 30 na watu hawakuwa wamekiona popote. Mijadala ile ya redioni niliifuata, ya Kiganda na ya Kiingereza. Katika yote niliyoyasikia hakuna aliyeuliza habari za gari la nje, na sikushangaa. Mwenye kelele alikuwa mwenye simu iliyoingia ujumbe.

Na hapo ndipo fundo lilipo. Mfumo unajua gari ni la nani kwa sababu gari limesajiliwa Uganda. Namba inasomwa, daftari linafunguliwa, simu ya mwenye gari inaonekana, ujumbe unatumwa. Gari la Tanzania halimo kwenye daftari hilo. La Kenya halimo. Halina namba yenu mpya ya kidijitali wala simu yenye 256 iliyofungwa nayo. Kamera itapiga picha safi kabisa ya namba yangu, kisha picha hiyo itamtafuta nani?

Shemeji yangu wa Kyotera, ambaye gari lake lina namba ya Uganda, aliwahi kukutwa na jambo hili katika majuma yale ya mwanzo. Alikuwa akitoka Masaka, na mbele yake kulikuwa na gari la namba ya Kenya, kubwa, jeusi, lililompita baada tu ya Lukaya na kuendelea mbele yake kwa muda. Anasema walikuwa kwenye mwendo ule ule, na akikuambia usimfikirie vibaya, ni mtu mkweli hata kwa hasara yake. Ujumbe ukaja, 200,000. Hakubisha, alikuwa amezidisha, akalipa. Lakini jioni, tukiwa tunakula, akaniuliza: “Shemeji, yule Mkenya naye wamemtumia?” Nikamwambia sijui. Akasema, “Basi mimi nimelipa ya watu wawili.”

Watu hukimbilia kudhani kwamba barua ya mwenye gari la nje itaomba huruma. Naomba kinyume chake. Dereva wa nje asiyefikiwa na faini ni hatari kwa Waganda na ni hatari kwa wanangu. Barabara ya Malaba na Busia kupita Iganga, Jinja mpaka Kampala, kisha Masaka, Mbarara mpaka Katuna, ni mojawapo ya njia kuu za mizigo ya Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na kwingineko. Magari ya nje hapo si wageni wa siku mojamoja. Ni sehemu ya barabara. Mkijenga mfumo unaomfunga breki mwenye namba ya Uganda peke yake, mtakuwa mmefundisha kundi zima la madereva kwamba namba ya nje ni kinga, na nawahakikishia, somo la namna hiyo husambaa kwenye maegesho ya malori kwa usiku mmoja.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Mgeni huyu anatoka kwenye sheria gani? Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ofisini mnaweza kudhani vikomo ni vile vile Afrika Mashariki nzima. Si vile vile. Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani inataja 50 kwenye maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na magari mazito yanayozidi kilo 3,500. Gari dogo likishatoka kwenye makazi halikuwekewa namba ya juu ya jumla. Kwa hiyo mtu wa Bukoba mwenye gari dogo amezoea kutazama vibao vya 50 na polisi wenye tochi, kile kifaa cha mkononi cha kupimia mwendo. Nje ya hapo anaendesha kwa busara yake, ipo au haipo. Akivuka Mutukula anaingia nchi ambayo gari dogo lina kikomo cha 100 kwenye lami na 50 kwenye makazi. Mita chache zimebadilisha sheria, na hakuna aliyemwambia.

Anayetoka Rwanda ana mambo mengine. Kwanza anahama mkono: kule wanaendesha kulia, hapa kushoto, na pale Katuna akili ina kazi ya kutosha hata kabla ya kusoma kibao chochote. Lakini yeye kamera anazijua. Wanyarwanda wameipa jina la mtu, wanaiita Sofia, na kila dereva wa Kigali anajua Sofia yuko wapi. Hata wao walipita kwenye ugomvi huu huu, watu wakilalamikia vibao vya 40 mahali ambapo barabara inaonekana kuruhusu zaidi. Ugomvi wenu si wa aibu. Kila nchi iliyoweka kamera imepigizana kelele na wananchi wake kabla mambo hayajatulia.

Bei nayo ni tofauti kubwa. Tanzania dereva akipigwa tochi anaandikiwa 30,000 ya Tanzania. Faini yenu ndogo ya 200,000, ukiigeuza kwa pesa ya Tanzania, ni zaidi ya mara nne ya hiyo. Sisemi iteremshwe, hilo ni la Waganda kuamua. Nasema tu kwamba mtu anayevuka mpaka akidhani kosa lina bei ya nyumbani kwao atashtuka, na mshtuko huo ungekuwa na faida zaidi kama angeupata Mutukula akiwa bado hajawasha gari.

Kwa nini basi asiupate hapo? Mpakani mtu hapiti kama upepo. Anaegesha, anaingia ndani, anasimama kwenye foleni. Wa uhamiaji anataka pasipoti au kitambulisho. Wa forodha anataka kadi ya gari, na bima, ile kadi ya njano ya COMESA, kisha anampa kibali cha muda chenye namba ya gari, jina lake na tarehe ya kutoka. Kila kitu ambacho mfumo wa kamera ungehitaji kujua kuhusu gari la nje kimeshaandikwa hapo kaunta na ofisa wa serikali yenu: namba, mwenyewe, siku aliyoingia, siku anayotakiwa kutoka. Kinachokosekana ni mstari mmoja wa namba ya simu inayofanya kazi na daraja kati ya kompyuta ya forodha na kompyuta ya trafiki. Wakati huo huo apewe karatasi. Nusu ukurasa inatosha: kwenye lami 100 kwa gari dogo, kwenye makazi 50, penye shule au hospitali angalia kibao, faini ni kiasi hiki, unalipa hivi, unapinga hivi. Iandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Mtu wa Lubumbashi ataielewa, wa Bujumbura ataielewa, na dereva wa lori wa Mombasa ataisoma akisubiri mhuri.

Ofisini huenda mtasema kutojua sheria si utetezi. Ni kweli, na mahakamani mtashinda. Lakini barabarani hamtafuti kushinda kesi. Mnatafuta gari lipunguze mwendo kabla ya kufika penye watoto, na gari halipunguzi kwa sheria ambayo dereva wake hajaijua.

Kuhusu vibao nina machache ya kusema, ingawa ningeweza kuandika kurasa. Kati ya Kyotera na Masaka kuna senta moja ambayo kibao chake cha 50 kipo, nimekigusa kwa mkono. Kimesimama nyuma ya mwavuli wa wakala wa pesa za simu. Asubuhi mwavuli ukiwa umefungwa unakiona vizuri. Jua likipanda, mwavuli unafunguliwa na kibao kinatoweka mpaka jioni. Yule wakala hana kosa, anajikinga na jua. Mbele kidogo kuna nguzo ya kibao isiyo na kibao. Chuma kiliondoka, na sote tunajua vyuma hivyo huishia kwenye mizani ya nani. Tangu kazi za UNRA, ile mamlaka ya barabara za taifa, zirudishwe wizarani, Mheshimiwa Waziri, mwenye vibao na mwenye kuandika vikomo ni nyumba moja, basi kuulizana nani anapaswa kurudisha kibao kusiwe na nafasi tena.

Kisha kuna umbali kati ya kibao na kamera. Hapa naomba mhandisi wenu anisahihishe kama nimekosea hesabu. Gari linalotoka 100 kwenda 50 kwa breki ya kawaida, breki ambayo haimwamshi abiria aliyelala, linahitaji kama mita 150. Kibao kikiwekwa mita 20 kabla ya kamera, dereva wa 100 anazimaliza mita hizo kabla sekunde moja haijaisha. Atafanya nini? Mwenyeji anayeijua kamera atakuwa ameshapunguza tangu mbali. Mgeni atakanyaga breki kwa nguvu zote, na nyuma yake kuna basi. Kamera iliyowekwa hivyo inatengeneza ajali ya aina nyingine. Kikomo kitangazwe mapema, kirudiwe, na kamera yenyewe iwekwe wazi. Uingereza walifika mahali wakazipaka kamera zao rangi ya njano ili zionekane kwa mbali, na hakuna aliyesema serikali imelegea. Anayepunguza kwa sababu ameiona kamera amepunguza. Kama lengo ni mwendo, kazi imekwisha hapo hapo.

Wapo watakaosema kamera inayoonekana humfanya dereva apunguze hapo na kukimbia tena mbele. Ni kweli kabisa, na ni tabia yetu. Sisi ndio tunaopigiana taa kuonyana kwamba kuna polisi mbele. Hatupigiani taa kuonyana kwamba kuna watoto. Dawa yake ipo na haihitaji kujificha kwenye migomba: kupima mwendo wa wastani kati ya pointi mbili. Gari linapigwa picha hapa, linapigwa tena kilomita kumi mbele. Likifika chini ya dakika sita, lilikuwa juu ya 100, haijalishi lilipunguza wapi. Barabara ya kasi ya Kampala kwenda Entebbe tayari ina vituo vya kulipia tangu Januari 2022, magari yanaingia na kutoka kwa milango inayojulikana. Ingekuwa mahali pazuri pa kujaribia. Halafu mkiridhika mlete Lwera, pale kwenye kinamasi, ambapo barabara imenyooka na kila mtu anajiona rubani.

Turudi kwenye deni. Ulaya walikutana na tatizo hili hili la magari ya nje: Mjerumani anapita Ufaransa, anapigwa picha, anarudi kwao, basi. Wakatunga mwongozo wa pamoja, namba 2015/413, ulioruhusu tangu mwanzo nchi moja kufungua daftari la magari la nchi nyingine kwa makosa manane ya barabarani, kuzidisha mwendo likiwa mojawapo. Kilichonivutia zaidi ni kifungu kidogo kuhusu barua anayotumiwa mwenye gari: iandikwe kwa lugha ya kadi ya gari lake, au kwa lugha rasmi ya nchi alikosajili. Maana yake, Mreno aliyezidisha mwendo Ufaransa hapewi karatasi asiyoielewa kisha akadaiwa riba kwa kutoielewa. Anaandikiwa Kireno, anaambiwa alifanya nini, lini, wapi, kwa sheria ipi, na anajibuje.

Sisi tuna wepesi ambao Ulaya hawana. Hatuhitaji lugha ishirini na kitu. Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005 inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakipitisha tena na kuagiza kifundishwe. Wakuu wa Jumuiya walikubali mwaka 2021 kwamba kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Mikutano ya Kiswahili tumefanya, kila Julai 7 tunapiga picha na kula keki. Ni wakati wa kukipa Kiswahili kazi ya kuchosha, kazi ya ofisi: kuandika ujumbe wa faini. “Gari lako namba fulani lilionekana Lukaya likienda kilomita 78 kwa saa mahali pa 50.” Dereva wa Mombasa, wa Bukoba, wa Bukavu, wote watauelewa bila kumtafuta kijana wa kuwasomea.

Na muda. Saa 72 kwa mtu aliye Kampala mwenye pesa kwenye simu ni muda mfupi lakini unawezekana. Kwa mgeni ambaye siku ya kwanza yuko barabarani, ya pili yuko Kikuubo anagombania bei, na ya tatu yuko njiani kurudi, ni muda wa kumtengenezea adhabu juu ya adhabu. Uingereza hesabu ya siku humbana polisi kwanza: notisi ya kusudio la kushtaki lazima imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14. Sisemi tuige namba yao. Nasema saa ianze kuhesabu siku mtu alipojulishwa kweli, na kwa gari la nje siku hiyo iwe ama aliyopokea ujumbe kwenye simu aliyoiandikisha mpakani, ama aliyofika mpakani kutoka na kuonyeshwa deni kwenye skrini, pamoja na picha. Picha ni muhimu. Mwenye gari akiona namba yake, saa, mahali na mwendo, ubishi mwingi unakwisha. Asipoonyeshwa, hata faini ya haki kabisa ataisimulia nyumbani kwao kama wizi.

Alipie wapi? Pale pale mpakani benki zipo, na pesa za simu za upande wa pili zipo. Risiti itoke na jina lake. Asiyekubali aandikiwe fomu ya kupinga, aweke dhamana ya kiasi cha faini kama mnaona atakimbia, na kesi isikilizwe kwa mtandao. Hakuna sababu ya kumrudisha mtu kutoka Arusha au Goma mpaka Kampala kwa kosa la kilomita nane. Tanzania dereva huingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi na kuona anadaiwa nini kabla ya kuanza safari. Ukurasa wenu wa namna hiyo uwe unakubali namba za nchi zote za Jumuiya, si zinazoanza na U peke yake.

Kuna kundi moja dogo ninalotaka kulitaja haraka: wageni wanaokodi magari Entebbe wakaenda Bwindi au Murchison. Wao gari lina namba ya Uganda, kwa hiyo ujumbe utamfikia mwenye gari, na dereva halisi atakuwa ameshapanda ndege. Wenye magari ya kukodisha hatimaye watakata kwenye kadi ya benki ya mteja na kuongeza ada yao juu, kama ilivyo kawaida duniani. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba mgeni huyo naye atakuwa amepita kwenye vibao vile vile vilivyojificha, na atakwenda kuandika kwao kwamba Uganda inatega watalii. Maneno ya namna hiyo mnajua yanavyogharimu.

Mheshimiwa Katibu Mkuu, sehemu yako si kubwa lakini hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Jumuiya ilishatunga sheria ya pamoja ya uzito wa magari, ya mwaka 2013, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba lori moja haliwezi kuwa halali Kenya na haramu likifika Uganda. Mwendo unastahili hadhi hiyo hiyo. Vikomo si lazima vifanane, kila nchi ina barabara zake, lakini daftari la namba za magari lifunguliwe kwa makosa machache yanayoua: mwendo, ulevi, kupita taa nyekundu, mkanda. Na mlango ufunguke pande zote. Mganda akizidisha mwendo Chalinze, Tanzania imjue. Mtanzania akizidisha Mbarara, Uganda imjue. Nina hakika wapo wenzangu watakaonichukia kwa aya hii.

Afande Mkurugenzi, kwako nina ombi moja la chini kabisa, linaloweza kufanyika bila bunge wala bajeti kubwa. Kabla mfumo huo, kwa sura yoyote utakayokuwa nayo, haujaanza kumdai dereva wa nje shilingi hata moja, pawekwe bango Mutukula, Malaba, Busia, Katuna na mipaka mingine: vikomo vinne vitano kwa namba kubwa, faini zake, na maneno machache ya Kiswahili kwamba barabara hizi zina kamera. Kwa Mutukula nafasi ipo upande wa kushoto ukishatoka geti la forodha, kabla ya malori kuanza kuegesha. Mahali hapo gari bado linakwenda polepole na dereva bado ana karatasi mkononi. Ofisa yeyote mtakayemtuma nitatembea naye nimwonyeshe. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kituoni.

Wenu,

Mfanyabiashara na dereva,
Mutukula